Kabla hujachagua shule ya kati ya umma Marekani: mambo ya kuangalia ndani ya kaunti moja

Tovuti za kutafutia nyumba Marekani huweka kando ya kila nyumba alama ya shule ya jirani, kuanzia 1 hadi 10. Wazazi wengi huishia hapo hapo: yenye 8 wanaikimbilia, yenye 4 wanaikimbia. Alama hiyo si ya uongo, ila sehemu yake kubwa hutokana na matokeo ya mitihani, na matokeo ya mitihani hufuata sana kipato cha wazazi. Kwa hiyo shule mbili za kaunti moja zinaweza kupishana mbali kwa sababu ya wanaoishi karibu nazo, si kwa sababu ya wanaofundisha ndani yake. Kwa mtoto anayekwenda shule ya kati, ambayo kwa kawaida ni darasa la 6 hadi la 8, swali lenye maana ni shule ipi inawasogeza mbele watoto wa aina yake.

Anza na mipaka. Florida na Maryland zina mfumo mmoja wa shule kwa kila kaunti, isipokuwa jiji la Baltimore lenye mfumo wake. Kwingineko mambo yanachanganya. Ndani ya kaunti ya DeKalb, Georgia, ambako mji wa Clarkston umepokea wakimbizi kwa miaka mingi, mji wa Decatur una shule zake, na kipande cha jiji la Atlanta kilichoingia kaunti hiyo kiko chini ya shule za Atlanta. Tena nyumba nyingi zenye anwani ya posta ya Decatur haziko ndani ya mji huo, na watoto wake husoma shule za kaunti. Usiamini jina la mji kwenye anwani, wala maneno ya dalali. Ingiza anwani kamili, pamoja na namba ya nyumba, kwenye ukurasa wa mfumo wa shule wenyewe, na ufanye hivyo kabla ya kutia saini mkataba wa kupanga. Ukishapata jina la shule, uliza inapeleka watoto sekondari ipi, na kama bodi ya shule ina mpango wa kuchora mipaka upya.

Kisha fungua ripoti rasmi ya kila shule. Sheria ya elimu ya shirikisho ya mwaka 2015 inazitaka shule za umma ziwapime watoto kusoma na hesabu kila mwaka, darasa la 3 hadi la 8, na matokeo yatolewe kwa makundi: wenye kipato cha chini, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza na wengineo. Mstari wa juu unaosema "wanafunzi wote" uruke kwanza. Teremka hadi kwenye kundi la mwanao, ulinganishe kundi hilo kwa kundi hilo, shule hadi shule. Mara nyingi hapo ndipo shule inayosifiwa inapoanza kuonekana ya kawaida. Ukikuta kinyota badala ya asilimia, maana yake watoto wa kundi hilo ni wachache mno na matokeo yao yamefichwa kulinda faragha. Si dosari, lakini uliza kama kuna mwalimu wao wa kudumu au anakuja siku moja moja. Pale ripoti inapoonyesha maendeleo, yaani mtoto amesogea kiasi gani tangu mwaka uliopita, mimi huyapa uzito kuliko asilimia ya waliofaulu. Angalia pia utoro sugu, ambao kwa kawaida huhesabiwa mtoto akikosa asilimia 10 ya siku za masomo. Katika mwaka wa siku 180 ni siku 18.

Hesabu inahitaji mazungumzo yake, kwa kuwa hapa ndipo njia hugawanyika mapema bila mzazi kushtuka. Mtoto akisoma Aljebra ya 1 darasa la 8, mpangilio wa kawaida humpa Jiometri darasa la 9, Aljebra ya 2 darasa la 10, kisha hesabu za maandalizi ya kalkulasi, na kalkulasi yenyewe, hesabu ya ngazi ya juu, darasa la 12. Akiianza darasa la 9, kufika kalkulasi kutamlazimu asome masomo mawili ya hesabu mwaka mmoja au atumie likizo. Kumbe uamuzi wa nani ataingia njia ya haraka huenda ukafanyika anapoingia darasa la 6. Muulize mshauri wa wanafunzi maswali mahususi: je, Aljebra ya 1 inafundishwa hapa, au mtoto hupelekwa shule nyingine? Anayechagua ni mtihani, mwalimu au ombi la mzazi? Aliyekuja katikati ya mwaka bila rekodi za Marekani anapimwaje? Jibu la "tutaona" lisikutoshe.

Kwa anayejifunza Kiingereza, Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, kwamba kumkalisha tu darasani asipoelewa kitu hakutoshi. Kila shule itakwambia ina programu. Wewe uliza anatolewa somo gani ili akafundishwe Kiingereza. Akitolewa kwenye sayansi kila siku, sayansi inampita. Jaribu pia kupiga simu ofisini na kuomba mkalimani wa Kiswahili. Ni wajibu wa shule kukutafutia bila malipo, na namna mpokea simu atakavyolichukua ombi hilo itakwambia mengi. Usikubali mwanao ndiye atafsiri.

Basi la shule nalo usilidharau, pamoja na saa ya masomo kuanza. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani (American Academy of Pediatrics) kilipendekeza mwaka 2014 kwamba shule za kati na sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi, lakini nyingi bado huanza mapema zaidi. Shule za programu maalumu, zinazoingiwa kwa bahati nasibu au kwa mtihani, zinaweza kuwa mbali, na kituo cha basi nacho kikawa mbali vilevile.

Makaratasi ya kuandikisha ni mepesi: uthibitisho wa makazi, umri na chanjo. Majimbo mengi hutaka chanjo ya pepopunda, dondakoo na kifaduro kabla ya darasa la 7. Hali ya uhamiaji haimzuii mtoto kuandikishwa. Hilo liliamuliwa katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe mwaka 1982. Kinachowaponyoka wengi ni tarehe. Maombi ya shule za programu maalumu mara nyingi hufungwa miezi mingi kabla ya mwaka wa masomo kuanza, kwa hiyo mwenye mtoto wa darasa la 5 aulize tarehe hizo muhula wa kwanza.