Diski imetoka, mguu unawaka moto: fanya hivi kabla ya kuwaza kisu

Wengi wanaingia kwangu fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) na picha ya MRI mkononi, imeandikwa diski, yaani ule mto laini kati ya pingili za mgongo, imetoka pale L4-L5 au L5-S1 (pingili za chini kabisa kiunoni), na hofu kwamba wasipopasuliwa watapooza. Jamani tulieni. Walio wengi wanapata nafuu kubwa ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila upasuaji, na ile nyama ya diski iliyotokeza mara nyingi inanywea yenyewe taratibu.

Hatua ya 1: jikague. Ganzi sehemu za siri na matakoni, mkojo hautoki au unatoka wenyewe, choo kinakuponyoka, mguu unazidi kuishiwa nguvu mpaka unauburuza, hapo achana na mazoezi nenda hospitali kubwa leo hii hii.

Hatua ya 2: usijilaze wiki nzima. Siku moja mbili sawa, afu anza kutembea dakika 5 hadi 10 mara kadhaa kwa siku. Ibuprofeni au diklofenaki zinasaidia kutuliza ila mwenye vidonda vya tumbo, figo, presha au mimba aongee na daktari kwanza.

Hatua ya 3, na hii ndo naisisitiza kuliko zote. Lala kifudifudi kwenye mkeka dakika 2 au 3, ukizoea egemea viwiko, ukizoea tena sukuma kifua juu kwa mikono huku kiuno umekilegeza kabisa, rudia mara 10, kila baada ya saa 2 au 3. Halafu fuatilia maumivu yanaelekea wapi. Robin McKenzie, mwenzetu wa fizio kule New Zealand, aliliona hili mwaka 1956: maumivu yakitoka unyayoni yakapanda kwenye kigimbi, yakapanda takoni, unapona, hata kama kiuno chenyewe leo kinauma kuliko jana. Watu wanaogopa wanaacha hapo hapo, inaniuma sana kwa sababu walikuwa wameshafika pazuri! Yakizidi kushuka mguuni, acha zoezi hilo, si kila mgongo unataka kukunjwa kwa nyuma, hasa wazee.

Hatua ya 4: asubuhi diski imefyonza maji usiku kucha imejaa, kwa hiyo ile saa ya kwanza usiiname. Fagio la mpini mrefu, beseni la kufulia juu ya meza, ndoo nusu nusu tena uibebe karibu na mwili. Dereva wa boda au daladala, kila nusu saa shuka ujinyooshe.

Hatua ya 5: mguu ukitulia, lala chali kunja magoti nyanyua kiuno, mara 10, ongeza polepole.

Na tafadhali, asikukanyage mtu mgongoni eti anairudisha diski, hairudishwi hivyo. Wiki 6 zikipita hujaona badiliko lolote, rudi kwa daktari muongelee sindano ya mgongoni au hatua nyingine.