Mwendo wa Gari la Wagonjwa Wakati wa Dharura: Mwongozo kwa Madereva wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Dereva mpya wa gari la wagonjwa akikabidhiwa funguo, mara nyingi swali lake la kwanza huwa kiasi cha mwendo anachoruhusiwa king'ora kikilia. Ni swali halali, ila limeanzia pabaya. Dakika za mgonjwa hazipotei sana kwenye lami tupu kati ya Salgaa na Nakuru. Hupotea kwenye mizunguko, kwenye matuta, nyuma ya trela zinazopanda mlima kwa gia nzito, na langoni mwa hospitali ambako hakuna aliyepigiwa simu kuarifiwa kwamba mgonjwa yuko njiani.

Piga hesabu mwenyewe. Kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huchukua dakika 7 na nusu, na ukipandisha mwendo hadi 100 huchukua dakika 6, kwa hiyo umeokoa dakika moja na nusu tu. Umbali ambao gari huhitaji ili lisimame baada ya kukanyaga breki, kwa upande wake, hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 hadi 120 umbali huo huwa zaidi ya maradufu, na hapo hujahesabu mita 33 ambazo gari hupita kila sekunde kabla mguu haujafika kwenye breki. Gari lenyewe ni refu na zito kwa juu, limebeba kitanda, mitungi ya oksijeni na mhudumu ambaye pengine amesimama akishika chupa ya dripu.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya mipaka ya miji na vituo vya biashara, kwa hiyo kikomo hicho kinahusu Nakuru na Kisumu, na pia vituo vya kando ya barabara kama Ahero na Awasi. Nafuu ya dharura, yaani ruhusa ya gari la wagonjwa kuzidi kikomo, ni ya safari, wala si ya gari. Inatokana na mgonjwa aliye hatarini, haitokani na maandishi mekundu ubavuni, na gari lilelile likienda kutiwa mafuta au kumpeleka mkubwa mkutanoni linafuata sheria kama matatu yoyote. Hata mgonjwa akiwemo, nafuu hiyo haimkingi dereva na vifungu vya uendeshaji wa hatari. Kifungu cha 46, kinachohusu kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari na chenye adhabu ya hadi miaka 10 gerezani, kinamhusu mtu yeyote aliyeshika usukani.

Ushauri wangu, iwapo mwajiri wako hajaweka kanuni kali zaidi, ni kwamba kwenye barabara iliyo wazi usizidi kikomo kwa zaidi ya kilomita 20, na penye soko, shule au steji usikizidi hata kidogo. Kumbuka makutano ya Londiani, ambako jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo liliwaua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Vituo vingi vya barabara zetu vimejengeka vivyo hivyo, watu wakiuza na kupanda magari hatua chache kutoka kwenye lami.

Makutano ndiyo mahali pa kutumia akili nyingi kuliko mguu. Ukikaribia taa nyekundu au mzunguko, badilisha mlio wa king'ora mapema, punguza mwendo, na usimame kabisa ikiwa kuna njia hata moja usiyoiona vizuri. Kisha vuka njia moja baada ya nyingine, ukihakikisha kila mara kwamba dereva wa upande huo amekuona na amesimama. King'ora ni ombi. Katika matatu iliyofungua muziki hadi vioo vinatetemeka hakisikiki, na hata anayekisikia hujua tu kwamba kinalia, asijue kinatokea upande gani. Pale Kondele, ambako magari yanayoelekea Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wanayoiita Russia, hukutana na tuktuk, bodaboda na mikokoteni, chukulia kwamba wa kwanza atakupisha na wa pili atampita huyo wa kwanza bila kujua kwa nini amesimama. Huyo wa pili ndiye wa kumtazamia.

Pita magari kwa upande wa kulia daima, kwa sababu madereva wamefundishwa kusogea kushoto wanaposikia king'ora, nawe ukijipenyeza kushoto utakutana nao wakija kukupisha. Kwenye msongamano usimsukume aliye mbele yako aingie kwenye makutano taa ikiwa nyekundu. Akigongwa, wewe ndiwe uliyemtuma. Kuingia upande wa magari yanayokuja ni hatua ya mwisho, nayo hufanywa polepole, mbele panaonekana wazi. Kwenye barabara iliyotenganishwa kwa ukuta, kama kipande cha Salgaa hadi Sachangwan, usiingie kabisa isipokuwa polisi wamefunga upande huo, maana ukishaingia huna pa kutokea. Penye reli usishindane na garimoshi, kwa kuwa halina uwezo wa kukupisha.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Mvua ya alasiri ya Kericho na Kakamega hulainisha barabara ghafla, na kwenye ukungu wa Timboroa vimulimuli vyako hurudisha mwanga machoni pako mwenyewe. Hapo mwendo hushuka hata kama mgonjwa ni mahututi.

Anayeamua kama safari ni ya king'ora ni mhudumu aliye nyuma na mgonjwa, si dereva. Mgonjwa aliyetulia, anayehamishwa tu kutoka hospitali moja hadi nyingine, hana haja ya kelele, na aliyeumia uti wa mgongo hudhurika zaidi kwa tuta lililorukwa kuliko kwa dakika tatu za kuchelewa. Zoea kutangaza kwa sauti kila tuta, kona na breki kabla hujafika, ili mhudumu ajishike. Naongeza jambo ambalo si kila mtu hulikubali: dereva asiulize sana habari za mgonjwa. Akijua ni mtoto, mguu hubonyeza mafuta wenyewe.

Kabla ya kuondoka, zungumza na jamaa. Mmoja akiruhusiwa kupanda, afunge mkanda, na wanaofuata kwa gari lao waelezwe waziwazi kwamba kuwasha taa za hatari hakuwapi ruhusa yoyote, na kwamba wakikuganda nyuma watawagonga wale wanaorudi barabarani baada ya kukupisha. Waambie jina la hospitali, watakukuta huko.

Ukishamkabidhi mgonjwa, zima king'ora na vimulimuli, na ukumbuke kwamba safari ya kurudi haina nafuu yoyote. Andika katika daftari la gari saa ulipopigiwa simu, saa ulipoondoka na mgonjwa, saa ulipofika, sehemu ulizozidi kikomo na sababu yake, pamoja na jina la mhudumu aliyeagiza king'ora, kisha yeye atie sahihi kabla zamu yake haijaisha.