SOMO: Kwadi haivuti tairi za mbele? Pima kwanza kabla hujanunua habu

Habari za kazi wadau. Nimeulizwa sana inbox kuhusu zile kwadi (pikipiki za tairi nne) za zamani za Polaris Sportsman 500 ambazo ukibonyeza swichi ya foo wili (ya kufanya tairi zote nne zivute) taa inawaka lakini mbele hakuna kitu, tairi za nyuma zinachimba tu matope. Nitaeleza yote hapa ili tusirudierudie. Mimi natengeneza mashine za mashambani huku Arusha, kwadi nimezishika nyingi, na kinachoniuma ni kuona mtu anaagiza habu (kitovu cha tairi) nzima kutoka nje kwa hela ndefu wakati ugonjwa wake ulikuwa waya umekatika au oili mbovu.

Kwanza elewa inavyofanya kazi, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Kwenye hizi za zamani shafti za mbele zinazunguka muda wote mashine ikitembea, foo wili iwe on au off. Kinachounganisha shafti na tairi kiko ndani ya habu yenyewe. Kuna koili ya sumaku imekaa kwenye stendi ya tairi (chuma kinachobeba habu), mbele yake kuna sahani nyembamba ya chuma, halafu kuna keji (kikapu cha duara) yenye rola (vyuma vidogo vya mviringo). Ukiwasha swichi koili inapata umeme, inavuta ile sahani, sahani inaishikilia keji isizunguke pamoja na shafti, basi rola zinapanda na kujikaba kati ya shafti na habu na tairi inavuta. Mbele imepangwa izunguke polepole kidogo kuliko nyuma kwa hiyo rola hazikabi mpaka nyuma ianze kuteleza. Ndiyo maana kwenye lami kavu hutasikia tofauti yoyote, usiseme imekufa.

HATUA YA 1. Jaribu ukiwa umeinyanyua
Piga jeki, weka stendi imara pande zote nne, tairi zote ziwe hewani. Usijaribu kwa kuzungusha tairi ya mbele kwa mkono injini ikiwa imezimwa, haitakwambia kitu, maana shafti isipozunguka rola haziwezi kupanda. Washa injini, weka gia ndogo, iache ingurume yenyewe taratibu bila kukanyaga mafuta, halafu mwenzako awashe foo wili. Tairi zote mbili za mbele zinatakiwa zishike na kuzunguka kwa nguvu. Ikiwa off zinaweza kujizungusha kidogo kwa sababu ya oili, hiyo ni kawaida, ukigusisha ubao kwenye mpira inasimama. Mikono na nguo viwe mbali jamani.

Ikishika moja, ugonjwa uko kwenye habu ile nyingine au waya wake. Zisiposhika zote mbili anza na umeme, ni nadra habu mbili kufa siku moja.

HATUA YA 2. Umeme
Fyuzi, kisha swichi, kisha soketi. Fuata waya mbili zinazoingia nyuma ya kila habu na uzikague pale zinapojikunja ukikata kona, zinakatika hapo hapo, tena kwa nje ganda linaonekana zima kabisa na shaba ya ndani imeshaoza. Ivute kwa vidole taratibu, ikivutika kama mpira ujue ndani imekatika.

Chukua multimita. Foo wili ikiwa on, kwenye soketi ya habu utake volti karibu sawa na za betri, ukipata 8 au 9 kuna kutu au athi (waya unaorudi kwenye bodi) mbovu mahali. Kisha chomoa soketi upime koili yenyewe, kila moja isome karibu na omu 24. Ukipima zote mbili pamoja kutoka mbele, kabla waya hazijagawanyika, utapata kama 12. Sasa ukipata 24 pale pa kupata 12 basi koili moja haipo kwenye mchezo, na umeijua bila kufungua hata nati moja. Mimi hiki kipimo nakipenda sana.

HATUA YA 3. Oili ya habu
Habu hizi zinatumia oili nyepesi, SIO GRISI. Kwenye kifuniko cha habu kuna plagi ndogo. Zungusha tairi mpaka plagi ikae pale saa ya ukutani ina namba 4 au namba 8, fungua, oili inatakiwa ichuruzike kidogo. Habu inabeba kama mililita 75 tu. Usiisukume kwa presha, utang'oa sili ya nyuma.

Mwaka jana nililetewa moja kutoka shamba la kahawa, mwenyewe kashaambiwa anunue habu mbili. Nimefungua plagi haitoki kitu. Nikang'oa kifuniko, ndani grisi imejaa mpaka mdomoni, fundi aliyetangulia alidhani ni habu ya gari. Ile sahani imegandia kwenye grisi kama chapati kwenye kikaango kisicho na mafuta, sumaku ingeivuta vipi? Nikaosha vyote kwa petroli, nikapuliza, nikaweka oili, ikashika. Kifaa kipya nilichoweka ni oringi (mpira wa duara wa kuzuia kuvuja) ya kifuniko tu.

Oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, kwa hiyo kumwaga na kujaza upya haitoshi, sili na oringi lazima zibadilishwe.

HATUA YA 4. Kufungua
Ukifika hapa ni kwamba umeme upo, oili ni safi, na bado haishiki. Toa tairi, kaliper ya breki, kifuniko, nati ya katikati, vuta habu taratibu huku umeweka beseni safi chini. Rola zinadondoka na zile springi ndogo zinaruka, ikipotea moja utaitafuta mpaka jioni.

Sahani ndiyo ya kuangalia kwa makini. Ilaze juu ya kioo, mwanga usipite chini yake. Alama ya msuguano iwe maduara mawili, moja ndani ya jingine, yameng'aa sawasawa pande zote, ikiwa imeng'aa upande mmoja tu sahani imepinda, tupa. Koili nayo isiwe imejitokeza nje ya kiti chake wala kulegea. Rola zisiwe na mikwaruzo, springi zisiwe zimevunjika. Beringi izungushe kwa kidole, ukisikia mchanga badilisha.

Wakati wa kurudisha, shikilia rola kwa mpira wa kufungia noti, utajitoa wenyewe habu ikiingia. Nati ya katikati kaza kwa kipimo cha kitabu cha mwaka wa mashine yako, usikaze kwa hasira.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, mimi nina Yamaha Grizzly, mbona sioni waya wowote kwenye habu?
Jibu: Hutaziona ndugu. Hiyo foo wili inaunganishwa kwenye difu ya mbele (boksi la gia la katikati ya tairi mbili), na Polaris za baadaye nazo walihamishia rola huko huko. Habu yako ina beringi na meno ya shafti basi. Isipovuta, angalia mota ya difu na waya wake.

Swali: Tairi ya mbele inacheza nikiitikisa juu na chini, ni beringi?
Jibu: Tikisa huku mwenzako anaangalia nyuma ya tairi. Habu ikicheza peke yake ni beringi, stendi nzima ya tairi ikicheza ni boljointi ya chini.

Swali: Oili ya habu ya Polaris sipati huku Songea, naweza kuweka ATF (oili ya giaboksi otomatiki)?
Jibu: Ukiipata yao ni bora. Mimi nimeweka ATF kwenye kwadi moja ya shamba, huu mwaka wa tatu inashika. Oili ya gia namba 90 usiweke kabisa, ni nzito, sahani itachelewa au isishike.

Swali: Yangu nikizima foo wili tairi moja inabaki imekaba, usukani mzito.
Jibu: Rudi nyuma mita moja hivi, rola zitaachia. Ikijirudia kila mara kuna springi imevunjika au oili imekuwa gundi, fungua.

Swali: Kaka nafanya kazi ya kutembeza wageni ufukweni Zanzibar, beringi hazimalizi msimu.
Jibu: Chumvi hiyo. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, ila mashine ya presha usiielekeze kwenye sili, inasukuma mchanga na maji ndani. Na usiingie baharini habu zikiwa za moto, zikipoa ghafla zinavuta maji. Mwambie bosi anunue sili za akiba, ni rahisi kuliko beringi.