Kupunguza msuguano wa kebo za usukani kwenye ndege ya kujijengea

Fimbo ya rubani ikiwa nzito, wengi hukimbilia kulegeza kebo. Usifanye hivyo. Kebo iliyolegea huweza kuchomoka kwenye mfereji wa puli (gurudumu dogo linaloongoza kebo), na uzito wa fimbo unabaki palepale. Mjenzi niliyemsaidia majuzi alishalegeza kebo zote, kumbe tatizo lilikuwa puli moja nyuma ya kiti.

1. Pima. Funga mizani ya springi kwenye kishikio, vuta polepole, soma wakati fimbo inatembea, kisha soma tena inaporudi. Nusu ya tofauti ya vipimo hivyo ndiyo msuguano. Kilichobaki ni uzito wa elevata yenyewe (bawa dogo la mkiani linaloinua au kushusha pua ya ndege). Siamini kipimo cha mkono, maana mkono huzoea.

2. Fungua kebo kwenye elevata. Jaribu elevata peke yake, kisha fimbo peke yake. Elevata ikikwama, shughulikia bawaba zake kwanza.

3. Puli. Hapa usiwe na haraka. Chora alama ya kalamu kwenye kila puli, rudisha kebo, mwambie mtu asogeze fimbo. Alama isipozunguka, kebo inateleza juu ya puli: ama beringi imekufa, ama bolti imekazwa hadi breketi inaibana puli. Kwa hali hiyo ya pili, weka bushi (mrija mfupi wa kupitisha bolti) ya urefu sahihi katikati, usilegeze nati. Halafu tazama mstari. Kebo iingie kwenye mfereji ikiwa imenyooka, isipinde upande kwa zaidi ya digrii 2. Tumia uzi uliovutwa, kwa sababu jicho hudanganya ndani ya bodi. Na uangalie fimbo ikiwa mbele kabisa na nyuma kabisa, si katikati tu: wenzo unaovuta kebo huzunguka, kwa hiyo kebo iliyonyooka katikati huweza kukwaruza ukingo wa puli mwishoni. Dawa ni washa za kusogezea au breketi mpya. Kupinda breketi kwa koleo au kutanua tundu la bolti, hapana. Mwisho, hakikisha pini inayozuia kebo kutoka kwenye puli haiigusi kebo.

4. Vipande vya kuongozea kebo. Napendelea nailoni. Visiipinde kebo kupita digrii 3. Msuguano hukua haraka pembe inapoongezeka: kwa kizio cha msuguano (kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyoshikana) cha 0.2, digrii 3 zinadai takriban 1% ya nguvu ya ziada, lakini digrii 90 bila puli zingedai 37%. Usipake grisi hapo. Hushika vumbi, na vumbi hula kebo.

5. Kaza kebo kwa kipimo cha michoro yako, ukitumia kipima mkazo, na uandike joto la siku hiyo. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida, na takriban mara 1.4 ya chuma cha pua, hivyo kwenye bodi ya alumini kebo hukaza zaidi kwenye joto. Kwenye viunganishi vya kukazia, zisionekane nyuzi za skrubu zaidi ya 3 nje, kisha funga waya wa usalama.

Pima tena kwa mizani. Kwa kuwa ulifungua kebo, mtu mwingine athibitishe kwamba fimbo ikivutwa nyuma, elevata inapanda.