Hadithi moja isomwe mara tatu: kufundisha kusoma Kiingereza kwa hadithi fupi

Anza na uchaguzi, maana hadithi iliyowazidi wanafunzi haiokolewi na ufundi wowote wa mwalimu. Kwa wanaoanza, tafuta yenye maneno 300 hadi 500, wahusika wawili au watatu na tukio moja linalofuata mtiririko wa wakati. Mpe mwanafunzi wa wastani aya ya maneno 100 apigie mstari yale asiyoyajua. Yakizidi matano, tafuta nyingine.

Hatua ya 1: Kabla ya kusoma, dakika 10. Fundisha maneno matano hadi saba, yale tu ambayo bila hayo kisa hakishikiki. Neno linalofafanuliwa na sentensi zilizo jirani, waache walikisie wenyewe.

Hatua ya 2: Kusoma kimya. Kamusi zifungwe, na swali liwe moja: nani anataka nini, na anazuiwa na nini? Usianze kwa kuwasomesha kwa sauti mmoja mmoja. Kila mtu huhesabu aya kujua ipi itamwangukia, akaifanyia mazoezi moyoni, na wenzake wakisoma hasikii kitu.

Hatua ya 3: Kusoma kwa makini. Kazi kubwa iko hapa, usiiharakishe. Wachore mshale kutoka kila "he", "she", "it" na "they" hadi kwa anayetajwa. Mara nyingi anayeshindwa maswali ya ufahamu anayajua maneno, ila amepoteza nani alimtendea nani. Kisha shughulikia vitenzi vya wakati uliopita: anayejua "buy" anaweza kukutana na "bought" asiitambue kabisa. Viandike ubaoni jozi kwa jozi. Ndipo uulize maswali, kwanza ya jibu lililoandikwa wazi, halafu ya kung'amua lisilosemwa. Kila jibu liambatane na mstari unaolithibitisha. Bila sharti hilo, mwenye akili nyepesi atabahatisha na kupata, nawe utadhani amesoma.

Hatua ya 4: Kipindi kinachofuata, soma wewe kwa sauti huku wakifuatilia kwa macho, kisha wasome wawili wawili wakigawana mazungumzo ya wahusika. Sasa sauti ina faida, kwa sababu maana wanayo tayari. Mwisho vitabu vifungwe, kila mmoja asimulie kisa kwa sentensi tano. Anayekwama mrudishe kwenye aya aliyokwamia, si mwanzo wa hadithi.