Mchezo wa kutumbukiza vifuniko: mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu

Tafuta kopo moja lenye mfuniko laini wa plastiki, na vifuniko sita vya plastiki vyenye upana wa sentimita 5 hadi 7: vitatu vyekundu, vitatu vyeupe. Vizibo vya chupa za soda viache kabisa. Vina sentimita 3 hivi na vinaweza kumkaba mtoto. Kipimo rahisi ni bomba la karatasi ya chooni: kinachopita humo hakifai.

1. Toboa mwanya kwenye mfuniko wa kopo. Urefu uzidi kifuniko kipana kuliko vyote kwa sentimita 1, upana uzidi unene wake kwa milimita 3. Mwanya ukibana, mtoto atalitupa kopo. Ukiwa mpana mno, kifuniko kinaingia vyovyote vile, naye hana haja ya kugeuza kiganja, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sugua kingo kwa msasa.

2. Kaeni chini. Tumbukiza kimoja polepole, kimyakimya, kisha mwachie. Akikwama, hesabu moyoni hadi 10 kwanza. Bado? Usimshike mkono, geuza kopo kidogo mwanya umwelekee.

3. Akishazoea, hesabu kila kifuniko kinapoanguka, si kabla: "kimoja… viwili…" Watoto wengi hukariri moja hadi kumi kama wimbo, bila kujua idadi. Kwa hiyo mwombe: "Nipe viwili." Akikuletea vinne, usimwambie amekosea. Sema, "Umenipa vinne," kisha tenga viwili: "Hivi hapa viwili."

4. Rangi zije mwisho, na hapa Kiswahili chetu kina mtego: kifuniko chekundu, kopo jekundu, mpira mwekundu. Neno linabadilika kichwa kila mara. Siku za mwanzo baki na vifuniko tu, usirukie vitu vingine. Tena usianze na "Hiki rangi gani?" Anza na "Chekundu kiko wapi?", kwa kuwa mtoto hunyoosha kidole kabla ya kuweza kutamka.

Akimwaga vyote na kucheka, mwache. Kumwaga nako ni kujifunza. Dakika 5 zinatosha. Kaa naye mchezo wote, kisha weka kopo mbali, na kifuniko chenye ufa kitupe siku hiyohiyo.