Mbuzi Mgeni Asilale Zizini Usiku wa Kwanza

Nafuga mbuzi Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Mwaka mmoja nililaza mitamba wawili wa mbuzi wa aina ya Galla pamoja na mbuzi wa nyumbani usiku uleule waliofika. Haikupita wiki mbili, zizi zima likawa linakohoa. Ilikuwa homa ya mapafu, nilizika watano. Tangu siku hiyo nafuata hatua hizi, wala siruki hata moja.

1. Banda kwanza, mnada baadaye. Jenga kibanda cha pembeni, hata cha makuti, mbali na zizi kadiri shamba linavyoruhusu. Angalia upepo, maana homa ya mapafu husafiri na pumzi. Wakati wa kusi kiweke kaskazini mwa zizi; kaskazi ikiingia, kiwe kusini.

2. Kagua kabla ya kulipa. Vuta chini ukope wa chini wa jicho. Ndani pakiwa pekundu kama tikiti, vizuri. Pakiwa peupe kama nyama ya nazi, minyoo imemnyonya damu, mwache. Inua mkia utazame kama ana uharo, pekua masikio utafute kupe, uliza chanjo. Kibali cha kusafirisha mifugo chukua ofisi ya mifugo.

3. Siku ya kufika. Maji safi, kivuli, majani makavu, basi. Huruma ya kumjazia pumba za mahindi ndiyo inayomvimbisha tumbo. Chakula kigeni kiongeze kidogo kidogo kwa wiki nzima. Maganda mabichi ya muhogo usimpe, yana sumu. Yaanike yakauke kabisa.

4. Siku 21 za kumweka peke yake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini si mgeni huyu. Homa ya mapafu kwa kawaida hujificha mwilini siku 6 hadi 10, pengine zaidi, na mbuzi anaonekana mzima. Mpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake, kisha mzuie ndani siku mbili ili mayai ya minyoo yasimwagike malishoni. Hudumia wa nyumbani kwanza, mgeni mwisho. Ndoo yake iwe yake, na ndala za kuingilia kwake zibaki mlangoni. Mpime joto asubuhi kabla jua halijakaza: nyuzi 38.5 hadi 39.5 hazina neno. Zikipita 40, au akikohoa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Watoto wetu hupenda kumbeba mgeni na kumpeleka kwa wenzake. Waeleze mapema.

5. Kuwakutanisha. Watenge kwa ua wa fito siku mbili wanusane. Kisha wafungulie wote mahali pa wazi, jioni, wakiwa wameshiba, na vihori viwe zaidi ya kimoja. Watapigana pembe, waache. Lakini mmoja akimbana mgeni kona asile, mtoe huyo mbabe kwa siku mbili, mgeni abaki.